Rupia ya Kuku Shingoni kwa Mama Mkwe

Miaka ile ambayo Musoma nzima haikuwa na filamu hata ya dawa, Masatu Nyamhanga alipiga picha kila Jumapili.

Alipiga baada ya misa na baada ya chakula, kwenye meza ya sebuleni, dirisha likiwa wazi ili mwanga wa ziwani uingie vizuri. Kamera alipewa na bruda mmoja mzee wa misheni aliyekuwa anarudi kwao, kwa shukrani ya samaki aliokuwa akimletea kutoka Suguti, alikozaliwa. Ilikuwa ya boksi, yenye macho mawili, moja juu ya jingine: la juu la mpigaji kutazamia, la chini la kupigia picha yenyewe. Huiweki usoni kamera ya namna hiyo. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa na kuchungulia kioo cha juu kama mtu anayetazama kama wali umekauka. Masatu aliinama hivyo, akasogeza hiki, akarudisha kile, akafyatua. Ndani ya kamera hamkuwa na kitu.

Mtaa mzima ulijua hamna kitu, na hilo halikumzuia mtu. Majirani walikuja wamepaka mafuta na kuvaa nguo za harusi, wakasimama ukutani wakiwa wamebana pumzi, kamera ikalia, wakaondoka wameridhika. Mama mmoja alirudi kulalamika kwamba alifumba macho, akaomba apigwe tena. Akapigwa tena.

"Anafanyaga mazoezi," Dafroza, mkewe, aliwaambia waliouliza. "Siku filamu zikija atakuwa fundi."

Lakini kilichomtia Masatu wazimu si watu, ni sarafu. Kazini alikuwa karani wa bohari ambalo miaka ile lilikuwa tupu, kwa hiyo kazi haikumchosha. Kanisani alikuwa mhasibu wa kigango, na hapo ndipo ugonjwa ulipomwanzia. Watu walikuwa wanashinda kwenye foleni ya sukari na kurudi na kikapu kitupu. Sadaka walitoa walichokuwa nacho. Kapu likimwagwa mezani zilitoka shilingi chache, vifungo vya mashati, na vile vipesa ambavyo muuza karanga asingevipokea: hela za Mjerumani zilizoliwa na kutu, senti kumi za tundu za Mwingereza, shilingi za zamani zenye kichwa cha mfalme wake, sarafu za Uganda zilizokuja mifukoni mwa askari waliorudi vitani. Padri alisema zitupwe. Masatu alizibadili kwa shilingi zake mwenyewe, akazisugua kwa majivu na ndimu, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Wazee wa kigango walipogundua, wakaanza kutoa za zamani makusudi. Walisema zitafika mbinguni kwa kupitia kwa Masatu.

Hamu ya kuzipiga picha ililetwa na shemeji yake. Magige, kaka yake Dafroza, alikuwa fundi baiskeli kule Butiama, na miaka ile fundi baiskeli alikuwa mtu wa kuhurumiwa: hakuna mipira, hakuna gololi, hakuna hata washa, vile vipete vya chuma vya kukazia nati. Alikuja Musoma kusalimia, akalala siku mbili, akaliona kopo. Ndani ya kopo akaona washa zimejaa, nzuri, ngumu, zimetobolewa katikati tayari. Aliporudi Butiama hakuaga vizuri.

Masatu alipokwenda kuuliza, nusu ya sadaka ilikuwa imeshafungwa kwenye magurudumu ya kata nzima.

"Shemeji, zina tundu," Magige alijitetea, wala hakuonyesha kuona haya. "Mzungu mwenyewe alizitoboa. Sasa wewe ulidhani alizitobolea nini?"

Kwa muda mrefu baada ya hapo Masatu alikuwa akienda Butiama anachuchumaa kwenye baiskeli za watu waliokuja sokoni, anageuza gurudumu polepole, anasoma mwaka. Wenye baiskeli walimwona kama mtu aliyeguswa kichwani. Yeye alijifunza jambo moja tu: sarafu inaweza kufungwa kwenye gurudumu, lakini picha ya sarafu haifungiki popote. Akaapa kwamba filamu ya kwanza kufika mkoa wa Mara itakuwa yake, na kila sarafu itaingia kwenye albamu kabla Magige hajaja tena kusalimia.

Albamu akaitengeneza mapema, kwa karatasi ngumu za bohari, kila sarafu na nafasi yake. Nafasi ya kwanza kabisa, ya heshima, aliiacha kwa sarafu ambayo hakuwa nayo: rupia ya fedha ya Mjerumani, ile yenye mfalme aliyevaa kofia ya chuma na juu ya kofia amesimama ndege. Wazungu wanasema ni tai. Huku kwetu hakuna aliyewahi kukubali. Watu waliiita rupia ya kuku, basi.

Alihangaika nayo kote, Suguti, Nyamuswa, hadi kwa wauza shanga. Jioni moja alikuwa akiisifia mbele ya Dafroza kwa mara ya mia.

"Hiyo yenye mzee wa kuku kichwani?" Dafroza akasema, huku anachagua mchele. "Si mama anayo shingoni?"

Masatu alipigwa na butwaa. Alikuwa amemwoa binti wa mwanamke yule tangu zamani, binti yao Eufrasia alikuwa shule, na rupia ya kuku ilikuwa inaning'inia hapo hapo ukweni siku zote.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuona?"

Hapo palikuwa na utani mchungu, maana Dafroza alijua fika kwa nini hakuona. Huku kwetu mtu hamtazami mama mkwe. Hamkai nyumba moja, hampeani mkono, na mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Masatu alikuwa amemheshimu mama mkwe wake, Mama Ghati, barabara. Kwa miaka yote ya ndoa alimjua kwa vitu viwili: visigino, maana kila alipofika yeye mama alikuwa anaondoka, na kicheko. Kile kicheko! Kilitokea nyuma ya ukuta, kikaanza chini kama gari la ushirika linalogoma kuwaka, halafu kikawaka, kikashika kasi, na huku nje kwenye zizi la ng'ombe Masatu akajikuta anacheka naye bila kujua kilichosemwa. Mara nyingine aliongeza siku ya kulala Butiama kwa ajili ya kicheko hicho tu, ingawa yeye alimwambia Dafroza ni kwa sababu ya maziwa.

Rupia yenyewe Mama Ghati alivikwa na baba yake, aliyebeba mizigo ya Wajerumani wakati wa vita yao. Ilitobolewa, ikapitishwa kamba ya ngozi, ikafungwa shingoni kwa binti mdogo, na tangu siku hiyo haijafunguliwa. Na mwaka ule alikuwa anakohoa. Alishawaambia wanawe wote kwamba kamba hiyo hakuna wa kuikata.

"Baba aliniwekea mwenyewe," alisema. "Nitaenda nayo kumwonyesha kwamba sikupoteza."

Kwa hiyo ikawa wazi. Ama Masatu apate picha ya rupia ya kuku mama akiwa hai, ama ile nafasi ya kwanza ya albamu ibaki wazi mpaka mwisho wa dunia.

Ndipo ikaja ruksa. Mambo yakalegezwa, watu wakaachiwa kuleta bidhaa, na duka moja la pale kituoni Bunda, ambalo kwa miaka lilikuwa likiuza chumvi na maelezo ya kwa nini hakuna kingine, likaota sabuni za rangi, betri, dawa ya meno na suruali za mitumba zenye majina ya watu ndani. Masatu alikuwa amesimama kungoja basi. Nyuma ya betri akaona kiboksi kidogo cha filamu, saizi ya kamera yake. Kulikuwa na kimoja tu. Bei hakumwambia Dafroza, na mimi sitaanza leo.

Habari ilimtangulia Musoma. Jumapili ile majirani walifurika mpaka barazani, safari hii kwa picha ya kweli. Na Masatu, bwana mpole, karani, mhasibu wa kigango, akawafungia mlango. Filamu ilikuwa ya picha kumi na mbili, na zote zilikuwa na wenyewe.

"Miaka yote ametupiga za bure zisizotoka," alisikika Mzee Kwangu, jirani wa upande wa ziwani, akilalamika nje. "Leo za kutoka anawapiga Wazungu waliokufa."

Ndani, kazi ilikuwa ngumu. Sarafu ikilala mezani inatupiwa kivuli, inatakiwa kusimama. Masatu alijaribu nta, akajaribu udongo, mwisho akaona kinachoshika vizuri kuliko vyote ni ugali wa muhogo ukiwa wa moto. Donge likawekwa mezani, sarafu ikachomekwa juu yake. Ili kamera ione karibu alivunja miwani yake ya kusomea, kioo kimoja akakigandisha kwenye jicho la juu na cha pili kwenye jicho la chini, akasogea mpaka kamera ikakaribia kunusa ugali.

"Baba Eufrasia," Dafroza aliita kutoka jikoni, "wenzako wana njaa."

"Ugali uko kazini."

"Utatoka saa ngapi?"

Masatu alikuwa amezama kwenye kile kioo cha juu, na humo mfalme wa Kiingereza alikuwa amekaa katikati, mzuri, mkubwa kama sahani. Mtu aliyefyatua kamera tupu miaka yote bila wasiwasi akafanya kwanza ishara ya msalaba. Alifyatua huku amefumba macho. Akafanya hivyo kwa kila sarafu, mpaka ikabaki picha moja, na wote walijua ni ya nani.

Wiki iliyofuata walipanda basi kwenda Butiama, na samaki wakavu kwenye kikapu. Watu wa Butiama ni watu wa ng'ombe, samaki wanawala kwa adabu tu, lakini mkwe haendi mikono mitupu. Njia nzima Dafroza alimwomba ampe yeye hiyo kamera. Mama ni mama yake, atampiga dakika moja mambo yaishe. Masatu hakutaka kusikia. Afanye mazoezi miaka yote, halafu picha moja ya maana aipige mtu mwingine?

"Basi ukimtazama mama yangu usoni," Dafroza alisema, "mbuzi wa faini utatafuta mwenyewe, na kulala utalala hukohuko zizini."

Mazungumzo yalifanyika kama yanavyofanyika siku zote. Masatu alikaa kwenye jiwe karibu na zizi, Mama Ghati alikuwa ndani, na Magige akawa anatembea katikati kubeba maneno.

"Mama anauliza, utamtazama wapi?"

"Mwambie shingoni tu. Shingo, basi."

Magige akaingia. Kicheko kikawaka ndani. Magige akatoka.

"Anauliza, hiyo shingo ulifikiri ni ya mbuzi? Shingo ya mkwe ni mkwe."

"Mwambie simtazami yeye. Natazama kioo."

"Na kwenye kioo kuna nani?"

Masatu akaitazama kamera yake kama ndiyo ijibu. Magige, ambaye bado alikuwa na deni la moyoni kwa ajili ya zile washa, alimwonea huruma, akajiongezea maneno yake mwenyewe aliporudi ndani. Alikaa humo muda. Alipotoka alisema mama anataka kuiona hiyo mashine.

Kamera ikapelekwa. Kupitia mlangoni Masatu aliona visigino tu vikizunguka uani upande wa pili, mama akiwa ameinama na boksi tumboni, anamfuata mbuzi. Kwenye kioo kile kila kitu kinakwenda kinyume. Mbuzi akielekea kulia, yeye anamwona anaelekea kushoto. Mama Ghati alimkosakosa mbuzi wake mwenyewe mpaka akagonga kibanda cha kuku, akacheka akaishiwa nguvu, akaanza kukohoa. Halafu akatoa hukumu, kwa sauti ya kumfikia kila mtu, ila akimwambia mbuzi.

"Hii kitu ina adabu kuliko wenyewe. Inainamisha mtu kichwa. Lakini mkwe kunielekea uso, hapana. Anipe mgongo. Kama anaweza kunipiga kanipa mgongo, apige."

Alidhani amemaliza maneno. Mtu gani anapiga picha kitu kilicho nyuma yake? Lakini Masatu aliruka kutoka kwenye jiwe. Miaka ya kucheza na kamera tupu ilikuwa imemfundisha mambo ya ajabu, na moja lilikuwa hili: ukiigeuza ile kamera juu chini, ukainyanyua juu ya kichwa, unaweza kuielekezea macho upande wowote unaotaka, hata nyuma, na wewe ukawa unatazama kioo chake kwa chini, kama mtu anayeuliza mbingu mvua iko wapi.

Basi Mama Ghati aliketishwa kwenye kigoda mlangoni, kanga imemfunika kichwa na mabega, rupia ikiwa nje shingoni. Masatu alikaa chini, mgongo kwake, mikono juu, kamera kichwa chini miguu juu.

"Rudi nyuma," Dafroza akaongoza. "Rudi. Tena. Kushoto. Siyo kushoto hiyo."

Masatu alijiburura kinyumenyume kwa makalio, suruali ya kanisani ikipita kwenye samadi ya mbuzi. Watu walianza kujaa. Butiama ni kijiji kilichozoea kamera kuliko hata Musoma mjini. Kamera zilikuwa zinakuja na wageni wakubwa na magari. Kwa hiyo walioiona walikimbia kuvaa viatu, na mzee mmoja aliuliza kwa heshima huyo aliyekaa kwenye samadi ni waziri wa nini.

Mikono ilikuwa inamuuma. Jasho liliingia machoni. Halafu, kwenye kioo juu ya uso wake, ikaogelea shingo nyeusi yenye mikunjo, kamba ya ngozi, na pale, ikiwa imechakaa na kung'aa kwa miaka ya kuguswa, rupia. Akamwona mfalme. Akamwona kuku. Akabana pumzi asije akaitikisa kamera.

"Mama, cheka kidogo," Magige akasema, maana ndivyo wapiga picha wa pale walivyozoea kusema.

"Nyamaza!" Masatu akapiga kelele kuelekea mawinguni. "Ni pesa! Pesa haichekagi!"

Hilo ndilo lililoharibu. Mama Ghati alijaribu kujizuia, kila mtu aliona alivyojaribu. Kicheko kikaanza chini kabisa, kikagoma, kikawaka. Rupia ikaanza kuruka kwenye kioo kama dagaa kwenye ndoo. Masatu alingoja itulie, haikutulia; akangoja, mikono ikaanza kuisha nguvu; na mara moja tu, mama alipovuta pumzi, rupia ikasimama katikati ya kioo sawasawa. Akafyatua.

Picha zilisafishwa Musoma, kwenye studio ya Stanislausi, baada ya kungoja dawa zije kutoka Mwanza. Masatu alipokwenda kuzichukua, Stanislausi alimpa bahasha huku akimtazama kwa heshima mpya.

"Ndugu yangu, sikujua unafungua hoteli."

Masatu akafungua bahasha. Picha ya kwanza ilikuwa ya ugali. Ya pili ilikuwa ya ugali pia, umetoka vizuri sana, unaonekana hata mvuke. Juu kabisa ya kila picha, pembeni mwa karatasi, palikuwa na kipande cha sarafu: mabega ya mfalme, ndevu za mfalme, mwaka peke yake. Vichwa vyote vimekatwa.

Stanislausi alimweleza taratibu, kama anayempa mtu habari za msiba. Macho mawili ya kamera ile yakitazama kitu cha mbali yanakubaliana. Kitu kikiwa karibu, kila jicho linaona chake. La chini, ambalo ndilo linalopiga, linaona chini zaidi ya kile anachokiona mtu kwenye kioo. Kila mwenye kamera ya namna hii huligundua kwenye filamu yake ya kwanza.

"Wewe umekuwa nayo muda gani?" akauliza.

Masatu akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Miaka yote ile, kila Jumapili, na kosa lilikuwepo siku zote limekaa kimya, maana kamera tupu haimkosoi mtu. Alitamani kulia, na angelia pale pale kama isingebaki picha moja.

Picha ya mwisho ilipigwa kamera ikiwa juu chini. Jicho la kupigia lilikuwa juu ya lile la kutazamia, na likaona juu zaidi. Rupia ilikuwa imeshuka hadi ukingo wa chini, imekatwa, mfalme hayupo, amebaki kuku wake peke yake. Na juu ya kuku, kuijaza karatasi yote, kulikuwa na kidevu, mashavu yaliyopanda, na mdomo wa Mama Ghati uliofunguka wote, mwanya, ulimi, jino lililopungua, katikati ya kile kicheko. Picha iliishia chini kidogo ya macho.

Aliitazama kwa muda ambao hata mbuzi wawili wasingetosha kwa faini yake. Kisha akakumbuka, akaigeuza haraka ikatazama chini, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akatembea hadi nyumbani na mkono kifuani.

"Mimi sijaona kitu," alimwambia Dafroza, akampa huku ametazama dirishani.

Dafroza aliishika, akakaa chini. Mama yake hakuwahi kupigwa picha hata moja maishani. Alikuwa amekataa kila mara, na sababu yake ilikuwa nzito: picha itatundikwa sebuleni kwa binti yake, na sebule ni ya mkwe, kwa hiyo mkwe atakuwa anakula kila siku mbele ya macho yake, na hiyo ni aibu gani? Sasa Dafroza alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, na alipoweza kusema alisema, "Ndiye. Ndiye kabisa."

Akapanda basi kesho yake kwenda kuomba ruhusa. Mama Ghati aliigeuza picha huku na huku.

"Macho yangu yako wapi?"

"Hayakutoka, mama."

"Hayamo kabisa?"

"Hayamo."

Mama Ghati akairudisha. "Basi atundike. Bila macho simwoni anavyokula."

Ikatundikwa ukutani, kwenye fremu, juu ya meza. Wageni waliokuja walionyeshwa kwanza albamu, wakageuza kurasa kwa adabu, wakasema ugali umetoka vizuri; halafu wakainua macho, wakaona kile kicheko na kuku chini yake, nao wakaanza kucheka bila kuambiwa chochote. Nafasi ya kwanza ya albamu ilibaki wazi. Masatu alinunua filamu nyingine baadaye, zilipokuwa nyingi madukani mpaka Mzee Kwangu akapigwa picha ya kweli na kulalamika kwamba katika zile za zamani alitoka vizuri zaidi. Lakini Masatu hakuomba tena kwenda Butiama na kamera. Na hata kama macho hayakuwemo pichani, hakutaka kujaribu bahati: alihamisha kiti chake upande wa pili wa meza, na kwa miaka alikula amempa mama mkwe mgongo.

Mama Ghati alifariki masika moja, usingizini. Walimzika Butiama na kamba yake shingoni, hakuna aliyeigusa. Masatu alisimama mbali, mahali pa mkwe, nyuma ya wanaume wengine. Magige alilia kwa sauti. Nyumba ile yote, kutoka zizini hadi mlangoni, ilikuwa kimya, na Masatu, akiwa amekaa kwenye jiwe lake, alijikuta anakitegea sikio kile kicheko. Alikitegea mpaka Dafroza alipokuja kumshika mkono.

Walirudi Musoma kwa basi. Jioni Dafroza alisonga ugali wa muhogo, akaweka na sato, akamwita. Masatu alikuja, akashika kiti chake, akasimama nacho kidogo. Halafu akazunguka nacho meza, akakiweka upande wa pili, akaketi ameuelekea ukuta wenye picha.

Dafroza alimnawisha mikono. Ugali ukaanza kupoa.

"Baba Eufrasia, kula."

"Nakula," Masatu alisema, uso ameuinua, machozi yanamshuka na mdomo unacheka. "Ngoja nimwone kwanza."